Noti iliyochanika usimsukumie asiyekujua

Bwana Mhariri,

Jioni soko la Birere, hapa Goma, linapoanza kufunga, noti zilizochanika hutoka mifukoni. Mchana kweupe huzioni. Giza likiingia, dola 20 yenye mpasuko inakunjwa mara mbili, upande mbovu ukifichwa ndani, kisha anapewa motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, mwenye haraka, au mama mwenye beseni la sambaza, wale samaki wadogo. Aliyetoa haulizi hata jina. Sisi makambiste, wenye meza za kubadilisha feza, tunaiona noti hiyo kesho yake asubuhi, mkononi mwa mtu ambaye siye aliyeichana.

Wengi husema hasara yenyewe ni ndogo. Basi tupige hesabu. Mama ameuza sambaza za dola 5, amepokea 20, amerudisha 15 nzima. Noti ikikataliwa kila mahali, samaki wameenda na chenji imeenda. Akipata kambiste wa kuichukua kwa 17, zile 3 zilizokatwa huenda ndizo zilikuwa faida yote ya beseni. Na yule mteja? Alikuja na noti ambayo sokoni ni ya 17, akaondoka na 15 na samaki. Amekula sambaza za dola 5 kwa dola 2, na 3 zilizobaki amelipiwa na mama asiyemjua.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba noti si bandia. Mwenye nayo hujitetea kwamba hakudanganya mtu, dola ni dola. Kwa sheria ya Marekani ana haki: noti zote zilizotolewa huko tangu 1861 bado zina thamani yake kamili, na iliyoharibika hulipwa yote mradi zaidi ya nusu yake ipo na inatambulika. Mpasuko wa milimita 3 ukingoni huko hauna anayeuangalia. Lakini Goma noti inaishi kwa kukubaliwa na mtu wa pili, naye anamwogopa wa tatu, yaani mwenye duka la jumla au muuzaji wa ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana hapa dola 1 mara nyingi inakataliwa hata ikiwa mpya, na zile 100 za kichwa kidogo, yaani zenye picha ndogo ya mtu, za kabla ya 1996, hakuna anayezitaka. Ni woga tu, tunakubali, ila woga huo una bei na kila mtu mjini anaijua. Anayeijua bei hiyo akangoja giza ndipo alipe, huyo asituletee sheria ya Marekani.

Utetezi wa pili una uzito zaidi: «Nami nilipewa hivyo hivyo.» Ni kweli, umeonewa. Ila aliyekuonea hayuko tena, na unayetaka kumpa hana deni lako. Tena tazama noti inaelekea wapi kila inaposukumwa. Haipandi kwa mwenye duka kubwa, kwa sababu yeye ana taa na ana karani wa kukagua. Inashuka kwa anayeuza barabarani, anayepokea kwa mkono wenye maji ya samaki na watu watatu wakimwita. Dola 3 zinazokuuma wewe kwa siku moja, yeye zinampunguzia mtaji.

Noti nyingi tunazichana wenyewe. Karatasi ya dola ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, maji peke yake haiyaogopi sana. Kinachoiua ni kukunjwa mara nne kwenye mstari uleule na kukaa na jasho kwenye fundo la kitenge. Mstari unalainika, siku moja unaachia. Mpira wa kufungia bunda ukikazwa unakata kingo. Pini ya stepla inaacha matundu mawili, na mwenye papara akiing'oa anapasua hadi pembeni. Ibebe noti ikiwa imelala ndani ya bahasha au daftari. Bunda lifungwe kwa ukanda wa karatasi.

Ikishachanika, usiigundishe. Hapo ndipo watu huongeza hasara kwa mkono wao. Gundi kali ikikauka inakuwa ngumu, inang'aa, na kidole kinaihisi mara moja. Mpasuko mdogo ambao ungekatwa dola moja unageuka noti ya kushukiwa, kwa sababu mnunuzi hajui tena chini ya gundi kuna nini. Wapo wanaounga vipande vya noti mbili tofauti. Kwa hiyo ukipewa noti yenye gundi au tepi, soma namba zake zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Zisipolingana herufi kwa herufi, irudishe palepale.

Ukaguzi wa kawaida hauchukui muda. Ifungue noti yote, ikunjue hata pembe. Pitisha ukucha polepole kwenye kingo zote nne, kisha kwenye mstari wa katikati, halafu iinue kwenye mwanga: mpasuko uliofungwa kwa ustadi unaonekana kama uzi mweupe. Kwenye bunda usiishie noti ya juu na ya chini, mbovu huwekwa kati.

Bandia ni kesi nyingine, isichanganywe na hii. Chini ya taa ya zambarau, kwenye noti za kichwa kikubwa, uzi wa ndani wa dola 5 huwaka bluu, wa 10 rangi ya chungwa, wa 20 kijani, wa 50 njano, wa 100 waridi. Kati ya hizo, isiyowaka inavyotakiwa haina bei ya kupatana, na anayeendelea kuitumia akijua ni mhalifu.

Sasa tuseme na ya kwetu. Wako makambiste wanaonunua noti mbovu kwa 17 asubuhi, wakaichomeka katikati ya bunda na kumpa mgeni kwa 20 mchana. Kwa maoni yetu huyu ni mbaya kuliko mteja wa jioni, maana yeye ameshalipwa kuibeba ile hasara. Noti iliyokatwa bei ikae kando, iuzwe kama mbovu, au ingoje wafanyabiashara wanaokwenda nchi ambazo benki zinaipokea. Benki za hapa zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, meza zetu ndizo zilizobaki, kwa hiyo na aibu ni yetu.

Ile kanuni ya «ukishaondoka mezani hakuna kurudi» tunaitetea, la sivyo kila mtu angebadilisha noti nyumbani na kurudi kulalamika. Lakini kambiste anayeitumia kanuni hiyo huku akimharakisha mteja asikague, anaiba. Kwa noti za 50 na 100, daftarini ziandikwe tarakimu nne za mwisho za namba ya noti mbele ya wote wawili. Ugomvi mwingi unaishia hapo.

Mwenye noti yenye kasoro aseme tu, kabla bei haijapatanwa: «Hii ina mpasuko, utanikata ngapi?» Atapoteza kidogo, na atapatana na mtu anayejua anachonunua. Hata mwenye mgonjwa na dola 50 iliyokatika pembe, anayetafuta dawa usiku, tunamshauri aonyeshe kasoro kwanza. Mwenye duka la dawa akikubali, amekubali akiona.

Tuna ombi kwa gazeti lenu. Mnapochapisha kiwango cha dola na franka, ongezeni mstari mmoja wa makato: pembe iliyokatika, mpasuko, muhuri au wino, tepi. Sisi tuko tayari kuwaletea bei za meza zetu kila wiki, na meza itakayokata zaidi ya ilichotangaza wateja waijue.

Makambiste wa Birere,
Goma