Barua kwa mwanangu: shawa inavuja, fundi asivunje tailizi kwanza

Mwanangu, salamu sana. Huku Tanga wote wazima, jua tu ndo kali. Jana tunaongea nikawa nasikia ta ta ta kwa nyuma, nikauliza nini hicho, ukanijibu aah mama ni shawa tu inadondosha, fundi kasema mpaka avunje tailizi. Nimelala na hilo neno. Avunje tailizi kwa ajili ya tone! Baba, mwambie huyo fundi aweke nyundo chini kwanza, mama yako ana la kusema.

Kitu cha kwanza ujue inavujia wapi, maana hapo ndo watu wanapoliwa hela. Kama umefunga koki na bado kichwa cha shawa kinadondosha, ugonjwa hauko kwenye kichwa hata kidogo, uko kwenye koki. Kichwa hakizuii maji, kazi yake kuyatawanya tu, lakini utaona mtu ananunua kichwa kipya cha kung'aa anafunga na tone liko palepale, anasema dukani wameniuzia feki. Ila kama ndo umetoka kuoga na inadondosha dakika chache alafu inakata yenyewe, hayo ni maji yaliyobaki ndani, achana nayo. Na kama yanachuruzika shingoni wakati unaoga alafu ukifunga yanaacha, hapo ni tepu imechoka: fungua kichwa, safisha nyuzi, zungushia ile tepu nyeupe kufuata upande unaokazia, ukizungusha kinyume itajikunja yote wakati unakaza na utarudi kulekule.

Kwa ulivyonieleza wewe yako ni koki. Sasa icheki, ukiifungua inazunguka mara kadhaa au nusu tu inagota? Ikizunguka mara kadhaa ni ile ya mpira, raha tupu. Ikigota nusu hiyo ina katriji ndani, yaani kipande kizima kinachofungua na kufunga maji, mpira wa kubadilisha hamna, unatoa katriji nzima unaenda nayo hadiwea wakupe inayofanana.

Tuseme ni ya mpira. Funga valvu ya bafuni, kama haipo funga ile ya kwenye simtanki. Valvu iliyokaa miaka haijaguswa usiilazimishe, ipeleke mbele na kurudi taratibu mpaka ilegee. Alafu fungua shawa maji yaishe kwenye bomba, na hapa wengi wanasahau, ziba tundu la maji machafu kwa tambara, maana skrubu ikishatumbukia mle hutaiona tena. Banua kile kifuniko kidogo chenye alama ya rangi kwenye mkono wa koki, chini yake kuna skrubu, bisibisi ya nyota inatosha. Mkono ukitoka vua na lile sahani la kwenye ukuta, utaona nati ya shaba. Hiyo ndo ya spana, ile spana malaya ya kupanua na kubana mdomo (nisamehe baba ndo jina lake dukani), zungusha kushoto pole pole bila kuikurupusha kwasababu bomba limo ukutani na ukilikurupusha ndo utamtafutia fundi kazi ya kweli. Ikitoka angalia mwishoni, kuna kampira keusi, utakakuta kameliwa kana kovu la duara katikati. Mwizi wako ndo huyo. Nenda nako dukani usiende kusema kwa mdomo nipe cha nusu inchi, vinapishana unene. Mpira na tepu kwa pamoja ni hela ndogo sana.

Kabla hujarudisha ingiza kidole mle ndani ugusie pale mpira unapokaa. Pakiwa laini sawa. Pakiwa na mikwaruzo au pamelika mpira mpya utakwisha haraka, hapo bora ubadilishe koki. Na maji ya kisima ya huko Dar yenye chumvi yanakula sana hizi vitu, hata kichwa chako nina hakika nusu ya matundu yameziba, kiloweke kwenye siki usiku kucha alafu sugua na mswaki wa zamani.

Sikutishi na bili. Tone moja kila sekunde kwa siku nzima linakaribia ndoo ya lita 20, kwa mwezi haijafika hata yuniti moja maana yuniti ni lita 1000. Lakini siku za mgao unavyonunua maji ya boza hiyo ndoo utaikumbuka, na koki inayovuja kila mtu anaikaza kwa nguvu zote ndo anazidi kuutafuna mpira.

Fundi anakuwa na haki ya kuvunja kama ukuta wa upande wa pili una unyevu, rangi inabambuka, au umefunga koki zote za nyumba na mita bado inazunguka. Hapo huenda bomba limepasuka ndani na haya ya plastiki ya siku hizi yanaungwa kwa mashine ya moto, usijaribu. Piga picha umtumie mwenye nyumba kabla ya kumlipa mtu yeyote, ukuta ni wake.

Dada yako kule Arusha ana ile shawa ya umeme, yeye nimemwambia asiguse chochote kabla hajazima meni swichi, mwambie na wewe tena maana mimi hanisikii.

Spana yangu siitumi huko, usiniombe, naitumia. Kanunue yako.

Mama