Risala ya Kikundi cha Hadubini kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uongozi wa chuo, wahadhiri wetu na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika maabara yetu, na tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito ili uje kutazama viumbe wasiofikia urefu wa punje ya mchele.

Historia ya hadubini yetu, iitwayo hadubini ya pazia la mwanga, ni fupi na hatutakuchosha nayo. Wanasayansi Siedentopf na Zsigmondy walimulika vitu chini ya hadubini kutoka ubavuni mwaka 1903. Mwaka 2004 Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao wa Heidelberg, Ujerumani, wakapiga picha viinitete vilivyo hai kwa pazia jembamba la mwanga wa leza. Na mwaka 2013 michoro ya OpenSPIM, mradi wa hadubini huria, ikawekwa wazi ili yeyote ajiundie hadubini ya aina hiyo. Nasi tukajiundia. Uzuri wake ni kwamba pazia humulika tabaka linalopigwa picha peke yake, hivyo kiumbe haunguzwi na mwanga, naye huendelea kuishi huku akitazamwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Tumeupiga picha moyo wa kifaranga cha samaki-pundamilia, ambao hudunda mara 2 hadi 3 kwa sekunde, tukauonesha katika pande zake zote tatu. Tunathubutu kusema kwamba hatua hiyo imekiweka chuo hiki kwenye ramani ya sayansi, na bango lake limebandikwa mlangoni kwa yeyote mwenye shaka.

Pamoja na mafanikio hayo, tunayo changamoto moja, nayo ni mahali pa kuhifadhi picha. Kamera yetu ina pikseli 2,048 kwa 2,048, na kila picha huchukua takribani megabaiti 8. Kwa picha 100 kila sekunde, dakika moja hujaza gigabaiti 50, na saa moja hujaza terabaiti 3. Kompyuta tuliyonayo, ambayo ni ya kuazima, hujaa kabla samaki hajachoka. Matokeo yake ni kwamba tunafuta kazi ya jana ili tupate nafasi ya kufanya ya leo.

Pengine itaonekana kwamba kufuta picha chache si hasara kubwa. Lakini hasara ni kubwa, kwani kamera haiwezi kuyapiga matabaka yote ya moyo ndani ya mdundo mmoja. Kwa kuwa moyo hurudia mdundo uleule, tunarekodi kila tabaka kwa zamu, kisha programu inayalinganisha na kuyapanga kana kwamba yalipigwa pamoja. Likifutwa tabaka la katikati, moyo wote umepotea, na samaki wa kesho si yule wa jana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo hili si geni mahali hapa. Mgeni aliyesimama hapo ulipo katika maonesho yaliyopita alituahidi seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia picha, kabla muhula haujaisha, tukampigia makofi mengi. Barua zetu za kukumbusha zimejibiwa kwa lugha nzuri sana, kila mara tukiarifiwa kwamba suala linashughulikiwa. Tunamshukuru kwa ahadi hiyo, ambayo tunaitunza kwa uangalifu kwa sababu haihitaji diski.

Kwa unyenyekevu tunaomba seva yenye nafasi isiyopungua terabaiti 100, pamoja na diski za ziada za kutunzia nakala, na waya wa mtandao wenye kasi wa kuiunganisha na kamera, kwani seva isiyofikiwa haraka itatuacha pale pale. Hatuombi hadubini mpya, wala viti, wala fulana za kikundi, ingawa tulishawahi kuletewa fulana.

Mwisho, tunaomba katika hotuba yako ututajie mwezi ambao vifaa hivyo vitafika. Katibu wetu ameshaacha nafasi ya kuujaza katika kumbukumbu za leo.

Tunaomba kuwasilisha.