Tafuteni Mwenye Chuma Kabla ya Ruzuku: Barua ya Wazi kwa Vijana Wahandisi wa Mombasa

Wanangu,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote, wa dini zote na mitaa yote, tangu Likoni hadi Kisauni.

Rasimu yenu ya kuombea ruzuku imenifikia. Nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu nyekundu i mkononi. Nimeelewa kwamba mnataka kushirikiana na kampuni ya Ulaya ili teknolojia ya kwantamu, ile inayotumia tabia za vitu vidogo kama atomu, iingie katika viwanda vya hapa kwetu na iuzike. Nawajibu hadharani kwa sababu si nyinyi peke yenu. Kila mwito wa maombi ukitangazwa, kuna vijana wa pwani wanaokesha wakijaza fomu, na niliyoyaona kwenu yako na kwa wenzenu.

Rasimu yenu imeanza na pesa, ikafuata teknolojia, na kiwanda kikaja mwisho, tena hakina jina. Igeuzeni. Tafuteni kwanza mtu mwenye chuma kinachomtia hasara, ambacho vipimo vya kawaida vimeshindwa kukisoma. Mkimpata huyo, ruzuku itakuwa na kazi ya kufanya. Msipompata, hata mkipewa fedha mtalipana mishahara, mtapiga picha za warsha, kisha mradi utafungwa na mtarudi maskani mlikotoka.

Haraka yenu naielewa. Pesa zimemwagwa kweli. Marekani ilipitisha sheria yake ya kwantamu Desemba 2018, na mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukaanza mpango wa yuro bilioni 1 wa miaka 10. Uingereza mwaka 2023 ikatangaza pauni bilioni 2.5, nayo kwa miaka 10. Umoja wa Mataifa ukaufanya 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwantamu, na aliyewasilisha hoja hiyo rasmi ni Ghana, ndugu zetu, si dola kubwa. Kijana akiyasikia hayo huona mlango u wazi. Ila pesa hizo zina wenyewe, na zilitengwa ili viwanda vya kwao vishinde. Ruzuku za Marekani za kampuni ndogo, kwa mfano, zinataka kampuni iwe ya kule na sehemu kubwa ya umiliki iwe mikononi mwa watu wa kule. Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, inaruhusu taasisi za Kenya kulipwa, lakini baadhi ya miito ya kwantamu imefungiwa nchi wanachama na washirika wao wa karibu. Someni ukurasa wa masharti kabla ya ukurasa wa kiasi. Na kwetu pia tuna KeNIA, wakala wa taifa wa ubunifu, na mfuko wa utafiti wa NRF, vyote vilivyoundwa na sheria ya 2013. Huko fedha ni haba, lakini mwenye kukusikiliza anaijua Mariakani iko wapi.

Ukurasa wa tatu wa rasimu mmeandika kwamba kompyuta ya kwantamu itapanga kazi za kiwanda. Hapo nilicheka, mtanisamehe. Baadhi ya mashine hizo lazima zikae katika baridi inayokaribia sufuri kamili, kali kuliko baridi ya anga za mbali, na sisi hapa tukikatiwa umeme nusu saa tu samaki anaanza kunuka. Mtasema mtaikodi kwa intaneti. Sawa, inawezekana. Volkswagen walishajaribu njia hiyo mwaka 2019 kuelekeza mabasi mjini Lisbon, na lilikuwa jaribio la siku chache. Kiwanda chenye laini mbili za kukunja mabati kinapangwa vizuri na kompyuta iliyoko mezani kwa msimamizi. Mkaguzi wa maombi atawauliza swali moja tu: kifaa cha kawaida kinashindwa wapi? Kwenye ukurasa ule hamna jibu. Tena nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, tangu 2024 zinadhibiti usafirishaji wa kompyuta za kwantamu zenye kubiti, yaani vizio vyake vya hesabu, 34 au zaidi zikitimiza kiwango fulani cha usahihi, pamoja na baadhi ya vifaa vyake. Ufuteni ukurasa huo.

Ukurasa wa tano, ambao mliuandika kwa haraka kana kwamba mnaona haya, ndio wenye mali. Vihisi, yaani vifaa vya kupimia.

Almasi iliyotengenezwa maabara, chembe ya milimita chache, ndani yake atomu ya nitrojeni imekaa jirani na tundu ambalo lingekuwa na kaboni. Unaimulika kwa mwanga wa kijani wa leza, nayo inarudisha mwekundu. Unaipigia mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.87, na wekundu ule unafifia. Ukisogeza sumaku karibu, masafa yale yanahama, na kwa kupima yalivyohama unajua nguvu ya uga wa sumaku mahali palepale. Haitaki baridi yoyote ya ajabu, inafanya kazi katika joto la kawaida. Wajerumani wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer mjini Freiburg walianzisha mradi wa QMag mwaka 2019 kwa lengo hilohilo, kutoa upimaji wa sumaku wa kikwantamu maabara na kuupeleka viwandani, ikiwemo kukagua vyuma vinavyochoka.

Sasa niambieni, mwenye vyuma vinavyochoka ni nani kama si Mombasa?

Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kukagua vyuma, meli na kreni. Nitawaeleza waya wa kreni unavyokaguliwa, maana rasimu yenu imeutaja kwa sentensi moja tu. Unasimamisha kreni, unashika kitambaa cha pamba, unauzungushia waya, na mwenzako anauvuta taratibu. Uzi uliokatika unanasa pamba. Unasimama, unapanguza grisi, unahesabu nyuzi zilizokatika katika urefu uliowekwa, unapima unene kwa kalipa, unaandika. Kiwango cha ISO 4309 kinakuambia zikifika ngapi waya utupwe. Njia nzuri, na imeokoa watu wengi. Lakini kitambaa kinajua ya nje tu. Kutu ya ndani, pale kwenye moyo wa waya ambapo grisi imekauka na chumvi imeingia, hakinasi chochote. Kwa hayo ya ndani kuna vifaa vya sumaku vya kawaida, vinavyoushibisha waya sumaku na kusoma inavyovuja penye kasoro. Vinafanya kazi, lakini vina sumaku nzito, si raha kuvipandisha juu ya kreni, na kasoro ndogo iliyozama ndani vinaweza kuipita. Kama kuna nafasi ya almasi yenu, ni hapo: kusoma uga hafifu ambao kihisi cha kawaida hakiupati. Huenda ikawa, huenda isiwe. Ruzuku ipo kwa sababu ya huko kutojua, ndiyo inayolipia jaribio.

Na hapa kuna jambo ambalo nashangaa halikuwajia. Masafa yale ya gigahezi 2.87 yanahama pia kwa joto, takriban kilohezi 74 kwa kila nyuzi moja. Kifaa kilichopangwa katika chumba chenye kiyoyozi kule Ulaya, kikipandishwa juu ya kreni saa saba mchana mwezi wa Februari, kitaona joto na kudhani ni sumaku kama hakikufundishwa kutofautisha. Nani atakifundisha? Vilevile chumvi. Maabara zao zina sanduku la kunyunyizia maji ya chumvi ya asilimia 5 katika nyuzi 35, na wakitoa kifaa humo wanasema kimefaulu. Sisi chumvi tunayo usiku na mchana, pamoja na jua, vumbi la klinka ya saruji, mtikisiko na fundi mwenye mikono ya grisi. Kifaa kilichomaliza mwaka mzima Mbaraki au Kipevu kina ushahidi ambao sanduku haliwezi kuutoa.

Mnaijua ile ngazi ya NASA ya utayari wa teknolojia, daraja la 1 hadi la 9. Kwantamu nyingi imekwama katikati, pale kifaa kinapofanya kazi mezani lakini hakijafanya kazi kwa mtu. Wenye vifaa wanatafuta pahali pa kupandia kutoka hapo. Pahali hapo mnapo nyinyi. Basi msiende kwa mshirika wenu kama watu wanaoomba kuingizwa katika mradi. Nendeni na waya, na ruhusa ya mwenye waya, na rekodi za ukaguzi wa miaka iliyopita.

Rekodi hizo hazipatikani kwa barua pepe. Ingieni karakana za Mbaraki, viwanda vya Changamwe, Miritini na Mariakani, mkawaulize mafundi wa matengenezo, si mameneja kwanza. Waulizeni ni kipuri gani wanakitupa mapema kwa sababu hawana njia ya kujua kama bado ni kizima. Waulizeni mashine ikisimama siku nzima wanapoteza nini. Mtu akiwaambia "hilo si tatizo", mshukuruni mwende kwa mwingine. Msimlazimishe awe na ugonjwa kwa sababu nyinyi mna dawa. Kupima unene wa rangi ya mabati, kwa mfano, kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachotosha kabisa, na kwantamu haina la kuongeza. Mkipata hata watatu waliokubali kuandika barua kwamba jaribio likifaulu watalipia ukaguzi, na kiasi gani, barua hizo zina uzito kuliko kurasa zenu ishirini za utangulizi.

Sasa fedha, ambako ndiko nilikobonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Bajeti yenu imeandikwa kana kwamba hundi inakuja siku ya kwanza. Ruzuku nyingi za kibiashara hazendi hivyo. Chukueni za Innovate UK, shirika la serikali ya Uingereza: hulipa kila robo mwaka, baada ya fedha kutumika na hesabu kukaguliwa. Unatumia zako kwanza, ndipo unarudishiwa. Wala hurudishiwi zote. Kampuni ndogo huweza kupata hadi asilimia 70 katika utafiti wa viwandani, na hadi 45 katika hatua ya kuendeleza bidhaa karibu na soko. Nyingine ni juu yenu. Je, mnayo miezi mitatu ya mishahara mfukoni? Hamnayo, nawajua, na wazazi wenu nawajua. Basi kubalianeni kwa maandishi kwamba mshirika mkubwa atawalipa kila mwezi na yeye ndiye atakayengoja. Asipokubali, punguzeni sehemu yenu ya kazi mpaka ifike kiasi mnachoweza kukibeba. Au ingieni kupitia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale wazee wenu tulipopaita MIOME, kwa kuwa baadhi ya mipango huzipa taasisi zisizo za faida asilimia 100 ilhali kampuni hupewa 70.

Kifaa nacho kitapita Kilindini au uwanja wa ndege wa Moi. Mji huu umejaa mawakala wa forodha, na katika bajeti yenu hakuna hata mmoja! Kikiingia kwa majaribio kisha kirudi, ombeni mapema utaratibu wa kuingiza kwa muda chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Leza na almasi zikikwama ghalani huku karatasi zinatafutwa, gharama za kuhifadhi mzigo huenda mfadhili asiwarudishie.

Kuhusu haki sitasema mengi, tafuteni wakili. Msiyaonyeshe mambo yenu mapya jukwaani kabla ya kuwasilisha ombi la hataza kwa KIPI, taasisi yetu ya kusajili uvumbuzi, au kwingine, kwa maana Ulaya ukishaonyesha hadharani umeipoteza. Lakini data ya vipimo iandikeni katika mkataba kwa jina: nakala inabaki Mombasa, na nyinyi mna haki ya kuitumia kuuza huduma.

Nalishikilia hilo kwa sababu historia ya pwani hii inaniuma kidogo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, satelaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini upande wa Malindi. Wakaiita Uhuru, kwa Kiswahili chetu. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kwa ajili ya falaki ya eksirei peke yake, na mmoja wa waliokuwa nyuma yake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sisi tulichangia jina na pahali. Kenya ilipotaka kurusha satelaiti yake Taifa-1, Aprili 2023, ilirushwa kutoka California. Mgeni njoo mwenyeji apone, wasema wahenga, na mimi sina ugomvi na mgeni. Nauliza tu mwenyeji alitia saini nini.

Katika rasimu yenu, kifungu cha majukumu kinasema nyinyi "mtawezesha upatikanaji wa maeneo ya majaribio". Maana yake mtafungua geti. Badilisheni: nyinyi mnapanga jaribio, mnapima, mnalinganisha na kitambaa na kifaa cha kawaida kwenye waya uleule, mnaukata waya uliotupwa kuona ndani nani alisema kweli, na mnaandika matokeo, hata yakiwa mabaya. Vipimo vyenu vya kulinganishia vipelekwe KEBS, shirika letu la viwango, vihakikiwe, ili mshirika wenu asiwe na la kubisha. Watu wawili kati yenu waende wakajifunze kukifungua kifaa na kukirekebisha, iandikwe kabisa, na tiketi ziwe ndani ya bajeti.

Rasimu mpya nitaisoma. Mimi huwa barazani baada ya Alasiri, njooni Alhamisi yoyote, na mje na yule binti aliyeandika ukurasa wa tano. Tangulizeni bajeti na barua za wenye viwanda. Utangulizi unaweza kungoja.

Wassalaam,
Mzee wenu, mkaguzi mstaafu wa vyuma,
Mombasa