Betri ya saa isingoje Desemba

Hamburg

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa wasiwasi. Nimefurahi kwamba jirani yako anayehama kakuachia Amiga 500 Plus, ile kompyuta ya zamani, tena na boksi lake. Wasiwasi ni pale unaposema utaihifadhi kabatini hadi likizo ya Desemba ndipo uifungue. Nakusihi usingoje. Ifungue Jumamosi hii hii, na kabla ya hapo usiichomeke kwenye umeme hata kidogo, hata ukitamani vipi kuona kama inawaka.

Ukishatoa parafujo na lile bati linalofunika bodi, ule ubao wenye chipu, utaona kipipa kidogo kilicholala, chenye ukubwa wa kifundo cha kidole gumba. Hiyo ndiyo betri ya saa: seli tatu za nikeli na kadimi, volti 3.6, kazi yake kuiwezesha saa iendelee kwenda mashine ikiwa imezimwa. Aina hiyo ya Amiga ilitoka 1991, kwa hiyo ikiwa betri ni ile ya awali, imepita miaka 30. Kwa umri huo zinavuja. Watu husema imetoa asidi, lakini ni kinyume chake: ni potasiamu haidroksaidi, jamaa ya magadi. Inatambaa polepole, inajipenyeza chini ya rangi ya bodi, inafuata njia za shaba na kupanda kwenye miguu ya chipu. Haijali kama mashine inatumika au imelala. Humo kabatini itaendelea kula tu.

Najua kwa sababu yangu niliipoteza hivyo. Unakumbuka nilivyoitunza? Niliizungushia blanketi, nikaitia kwenye sanduku, nikaiweka darini, nikaamini nimeihifadhi. Miaka 12 baadaye nilipoifungua nilikuta kutu ya kijani, kama ile ya dele la kahawa lililosahauliwa jikoni. Miguu ya chipu ya saa ilikuwa imeliwa, na njia kadhaa za shaba zilikatika nilipozigusa kwa pamba. Niliumia sana, maana muda wote ule ningeweza kuiokoa kwa dakika tano na koleo la kukatia waya.

Basi fanya hivi. Vaa glavu na miwani, maana kadimi ni sumu. Usiivute betri kwa nguvu, utang'oa na shaba ya bodi. Kata miguu yake kwanza, vipande vilivyobaki utavitoa baadaye kwa moto wa kulehemu. Kisha chovya pamba kwenye siki nyeupe, usugue taratibu palipoharibika. Ukiona vipovu, usishtuke, ni siki inaivunja ile magadi. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, halafu kwa spiriti, uiache bodi ikauke kabisa, siku nzima au mbili. Siki yenyewe usiiache hapo, nayo hula. Betri usiitupe kwenye takataka. Ipeleke dukani penye sanduku la kukusanyia betri kuukuu.

Baada ya hapo chukua mita ya kupimia umeme, upime kama kila njia ya shaba inapitisha, moja moja, kuanzia pale betri ilipokuwa. Macho hayatoshi. Njia inaweza kuonekana nzima kumbe imekatika ndani ya kile kitundu inapovukia upande wa pili wa bodi. Penye weusi, kwangua mpaka shaba ing'are, kwani lehemu haishiki juu ya kutu.

Bila betri mashine itawaka vizuri tu; itakachosahau ni tarehe na saa. Mimi ningeiacha hivyo hivyo. Ukitaka saa lazima, unaweza kuweka kile kibetri cha kidonge, CR2032, lakini lazima uweke na dayodi, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu bodi ile huchaji betri yake, na kidonge hicho cha lithiamu hakitakiwi kuchajiwa.

Na ile Amiga 500 ya kawaida ya shemeji yako? Bodi yake haina betri, lakini mwambie afungue kifuniko cha chini. Kama kuna kadi ya kuongezea kumbukumbu, ile A501, betri ipo humo. Mwenye Amiga 2000 naye asichelewe, maana ya kwake imekaa karibu kabisa na prosesa.

Kabla hujagusa chochote piga picha ya kona ile ya betri, unitumie usiku huo huo. Kama njia zimekatika, ziache kama zilivyo. Nakuja kwenu Pasaka, nitabeba waya mwembamba na vifaa vyangu vya kulehemu.

Nduguyo