Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wazungumzaji wa Kiswahili, Accra

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Hadi nasimama kusoma nimehesabu vichwa 19, pamoja na watoto wawili wa Katibu, na katiba yetu inataka akidi ya 22. Tutaendelea kwa idhini yenu kama tulivyofanya mwaka jana. Habari ya mvua na foleni ya Kaneshie naomba nisiisikie leo. Mimi natoka Kasoa, na saa tatu kasoro nilikuwa hapa napanga viti.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia. Tulikutana mara 7 badala ya 12, tulifuturu pamoja, tuliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani Julai 7, tulikwenda Cape Coast kwa basi, tuliwafariji wenzetu wawili waliofiwa. Waliopika wanajulikana na waliokula wanajulikana zaidi.

Fedha. Tulianza mwaka na cedi 3,180. Ada zimeingia 5,520, michango ya sherehe 2,150, jumla 10,850. Uchapaji umekula 6,000, basi 2,400, sherehe 1,900. Salio ni cedi 550. Ada ni cedi 240 kwa mwaka, yaani 20 kwa mwezi, ambazo hazifiki bei ya sahani ya waakye, wali wa kunde, yenye samaki na yai. Daftarini tuko 64. Waliolipa ni 23. Sitawataja ambao hawajalipa, ila wengi wao ndio walioandika aya ndefu kuliko zote kwenye kundi la WhatsApp kuhusu jambo ninaloliendea sasa.

Jambo lenyewe ni ukurasa wa 14.

Mtakumbuka kwamba wazo la kijitabu cha asili ya majina ya mikoa ya Ghana nililitoa mimi, miaka miwili iliyopita, na likapokewa kwa makofi. Kamati ya machapisho ikakaa, wajumbe wakagawana mikoa. Rasimu ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na mikoa 10. Mjumbe alitumia ramani ya zamani, ile yenye Brong-Ahafo, mkoa ulioundwa 1959. Ni mimi niliyewakumbusha kwamba baada ya kura ya maoni ya Desemba 27, 2018 ilizaliwa mikoa 6 mipya: Savannah, North East, Bono East, Ahafo, Oti na Western North, na kwamba iliyobaki ya Brong-Ahafo sasa inaitwa Bono tu. “Brong” ni namna Waingereza walivyoliandika jina la Wabono. Tukafika 16. Kwa hilo sikupata asante ya mtu.

Na neno hilo ndilo lililotufikisha hapa. Mzee wetu mmoja, ninayemheshimu sana, aliandika ukurasa mzima kwamba jina la mkoa wa Ashanti, ambao wenyewe wanauita Asante, ni neno letu la Kiswahili. Kwamba wasafiri wetu walifika Kumasi, mji mkuu wa Waasante, zamani, wakakaribishwa vizuri, wakashukuru, na jina likabaki. Simulizi tamu. Kamati ikaipitisha kwa kauli moja. Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kazi kiwandani, saa sita, niliuondoa ukurasa huo bila kuitisha kikao.

Nasema waziwazi: niliuondoa, na nikirudishwa usiku ule nitauondoa tena. Asante yetu imetoka kwa Waarabu, ahsanta, “umefanya vyema”. Sisi tumeizoea mpaka tukaipa na wingi, asanteni. Mtu wa Kumasi akishukuru anasema medaase. Na kuhusu jina lao, wao wenyewe husimulia kwamba linatokana na esa nti, “kwa sababu ya vita”, yaani muungano ambao mfalme wao Osei Tutu aliukusanya dhidi ya dola ya Denkyira hadi ushindi wa Feyiase mwaka 1701. Vita na shukrani, ndugu zangu, vinakutana wapi? Mwanachama wetu mzaliwa wa Kumasi, aliyejifunza Kiswahili Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, na anakisema kuliko baadhi yetu, nilimsomea ukurasa ule kwa simu. Alicheka mpaka akakata simu. Nilimngoja apige tena, hakupiga. Hapo ndipo nilipoamua.

Nimeulizwa: kama umekataa hadithi hiyo, mbona umeacha za siafu na tembo? Swali ni zuri, na nimelijibu mara tatu kwenye simu, nalijibu mara ya nne. Accra inasemwa ilitokana na nkran, siafu kwa Kiakan. Sunyani inasemwa ilitokana na osono, tembo, mahali pa kuchinjia tembo, na mwenzetu kutoka Dodoma alifurahi mno, maana na kwao tembo alididimia topeni, idodomya, pakaitwa hivyo. Hizo ni simulizi za wenye miji. Wanazisimulia wenyewe, kwa maneno yaliyomo katika lugha za huko. Ya ukurasa wa 14 tuliwatungia sisi. Hata Volta, jina la Wareno wa karne ya 15, lenye maana ya kugeuka au kurudi, tulilichapa na maelezo yote mawili: wapo wanaosema ni kona za mto, wapo wanaosema hapo ndipo mabaharia walipogeuzia merikebu. Sikuchagua upande. Atakayesema nina upendeleo aanzie hapo.

Shutuma ya pili ni kwamba niliuondoa ukurasa wa mzee ili niweke wangu. Ni kweli kwamba ukurasa wa 14 sasa unaeleza kwa nini Central Region, Mkoa wa Kati, uko ufukweni wakati katikati ya nchi ni mbali sana kaskazini, na ni kweli niliuandika mimi usiku uleule. Mlitaka nipeleke ukurasa mtupu? Tena ni katika kurasa zinazosifiwa na wasomaji. Jibu lake ni kwamba jina ni la zamani kuliko nchi. Koloni la Gold Coast lilikuwa ukanda wa pwani, likagawanywa majimbo matatu, Magharibi, Kati na Mashariki, na Kati lilikuwa katikati ya hayo mengine mawili. Nchi ikaongezeka kwa juu, jina likabaki lilipo. Ndiyo maana pia ukiwa Koforidua, makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, bado una Mkoa mzima wa Volta mbele yako kabla ya kufika Togo. Na Northern Region leo ina mikoa mitatu juu yake. Mambo haya hayakuwamo kwenye rasimu ya kamati.

Kuhusu utaratibu, nakubali ningepiga simu. Ilikuwa saa sita usiku na kiwanda kilitaka kazi saa mbili asubuhi. Mzee amenuna, nimekwenda kwake mara mbili, mara ya pili alinipa maji. Mhazini alijiuzulu kwa barua ya mistari miwili, nikamwomba abaki, hakujibu. Kwa hiyo fedha za nakala 41 zilizouzwa kwa cedi 30, jumla 1,230, hazimo katika hesabu niliyosoma. Zipo kwangu kwenye bahasha ya kaki, nimeandika tarehe na jina la kila mnunuzi mgongoni, na bahasha yenyewe hii hapa mezani. Naomba ihesabiwe sasa hivi mbele ya watu, kwa sababu nimesikia yanayosemwa.

Nakala 259 zimo nyumbani kwangu kwenye maboksi mlango wa jikoni, na mke wangu ameanza kuwekea ndoo juu yake.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufanya safari ya Tamale, kupata Mhazini, kukusanya ada za nyuma kwa wanaojiweza, na pengine kutoa toleo la pili la kijitabu lenye majina ya miji zaidi. Mzee nimemwomba aandike dibaji. Amesema atafikiria.

Naomba kuwasilisha.