Viwili viwili: barua kwa Mwanakombo

Mwanakombo shoga yangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, watoto wanakuamkia, na mama bado anauliza utakuja lini. Swali lako nimelipata: hicho kikundi chenu cha kusoma kianze na riwaya au na vitabu vya watu waliosimulia maisha yao? Mimi nasema msichague. Chukueni viwili viwili, wasifu mmoja na riwaya moja ya nchi ileile, mvisome kwa kufuatana. Mtu anayeandika maisha yake huwa na watu anaowapita njiani bila hata kuwasalimu, na mtunzi wa riwaya mara nyingi anaanzia kwa hao hao. Nakutajia nilivyovimaliza karibuni, na si vyote nilivyovipenda.

Jozi ya kwanza ni Tippu Tip na *Peponi*. Tangulizeni Tippu Tip. Ni kifupi na kikavu, na mkikiweka nyuma ya riwaya hakuna atakayekimaliza. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye huyo Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Unguja, aliyaandika maisha yake uzeeni, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, mwenyewe akiwa bado hai, alifariki 1905. Tafuteni chapa ya Whiteley ya miaka ya 1950, yenye Kiswahili na Kiingereza pamoja, maana Kiswahili chake kina Kiarabu kingi na maneno ya biashara ambayo siku hizi hayasikiki madukani.

Anaandika kama mfanyabiashara anayesoma daftari lake: nilitoka mahali fulani, nikakuta pembe kadha, bei ilikuwa hivi, tukapigana, nikashinda, nikaendelea. Wasomaji wengi huziruka hesabu wakatafuta visa, na hapo ndipo kitabu kinapowaponyoka. Pembe anazihesabu kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Basi mkikutana na frasila mia, jueni hiyo ni zaidi ya tani moja na nusu, iliyobebwa mabegani mwendo wa miezi. Kila palipo na frasila, simamisheni msomaji muulize: nani aliyebeba? Tippu Tip wapagazi anawahesabu kwa mamia, na hawasemi neno. Walipomtoroka aliwafuata makwao, akawakamata, akawatia minyororo, na hilo analieleza kwa utulivu uleule wa kueleza bei ya nguo.

Kisa kimoja msikipite mbio, nacho ni namna alivyoupata utawala wa Utetera, ndani ya Kongo ya leo. Alikwisha kupata habari kwamba mtawala wa huko, mzee Kasongo Rushie, alitekewa ndugu zake wa kike miaka mingi nyuma. Akaenda akajitambulisha kuwa ametokana na mmoja wao, na nasaba akaipanga mpaka ikakaa sawa. Mzee akasadiki, akamwachia nchi, na pembe zikaanza kumiminika kwake. Mtu mwingine angelificha jambo hili, yeye anajisifia. Lisomeni kwa sauti. Kundi zima litacheka, kwa sababu linachekesha kweli, na mkishamaliza kucheka ndipo mjadala uanze. Habari za Stanley, yule msafiri wa Kizungu waliyekutana 1876, zisiwale muda. Fedha walizopatana hazilingani katika maandishi yao wawili, na kumtafuta mwongo kutawamalizia kikao bure.

Sasa ndipo mfungue *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka 1994; tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilichapwa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya mtunzi kupewa Nobeli. Yusuf ana miaka 12. Baba yake anadaiwa na mfanyabiashara tajiri, Aziz, na deni likishindikana mtoto anachukuliwa, anapandishwa treni. Hauzwi, hapana. Anawekwa rehani, na hakuna anayemwambia. Mwaka mzima wa kwanza unaweza kuusoma ukidhani ni mtoto aliyepelekwa kwa ami yake kujifunza kazi. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani ambaye naye aliletwa kwa njia hiyohiyo, akimkaripia kila anapomwita tajiri ami.

Huyo Aziz ndiye mafanikio makubwa ya kitabu, nawe uwalinde wenzako wasimsome vibaya. Watataka awe katili, na riwaya haiwapi katili. Ni mtu wa adabu, ananukia mafuta mazuri, hapazi sauti. Zamani, kila alipoondoka nyumbani kwa kina Yusuf, alimwachia mtoto sarafu ya anna kumi. Rudini kwenye sarafu hiyo mkishamaliza kitabu. Mtoto aliifurahia kama zawadi, na mkono uliompa ndio uliokuja kumchukua.

Riwaya ina sehemu sita. Mimi ningeigawa vikao vinne: ya kwanza peke yake, ya pili na ya tatu pamoja, maana zote Yusuf yuko bara kwa mwenye duka Hamid na mkewe Maimuna, na mwendo ni wa polepole, ya nne peke yake, kisha ya tano na ya sita. Sehemu ya tatu itawachosha wengine. Waambieni wavumilie kwa ajili ya Kalasinga, yule Singasinga fundi anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili na Kiarabu hajui. Ataitoa kwenye tafsiri ya Kiingereza. Mabishano yake na Hamid yamejaa kicheko, na chini yake mna swali zito la nani ana haki ya kusoma nini.

Sehemu ya nne ndiyo jibu la Tippu Tip. Msafara uleule, nguo zilezile, mnyapara mkali anayeitwa Mohammed Abdalla, ila safari hii uko ndani ya mstari wa wapagazi: mbu, homa, miguu iliyochubuka, maiti walioachwa nyuma. Halafu wanafika kwa Chatu, mtawala wa huko bara, na Chatu anawanyang'anya mali yote kwa hoja ambayo si rahisi kuijibu: mfanyabiashara mwenzenu alitangulia, akaniibia, basi nyinyi mtalipa. Soma kurasa hizo ukiwa na Kasongo Rushie kichwani. Ni kama mzee yule amepewa nafasi ya kusema. Na anayekuja kuamua si mwenye haki wala mwenye nguvu wa jana. Ni Mjerumani na askari wake.

Hatari moja kwa kikundi chenu. Wote mmesoma chuoni, mtaitambua Sura ya Yusuf mara moja: uzuri wa kijana, mke wa tajiri, shati lililochanwa kwa nyuma. Mkianza kulinganisha mtafurahi mpaka usiku, na riwaya itabaki mezani. Ulizeni zinapoachana. Huyu Yusuf hapewi ghala za nchi, ndugu hawaji kumsujudia, na mlango ukiwa wazi hajui aende wapi. Mwisho sikuharibii, ila waangalie mbwa. Lawama yangu ni sehemu ya tano: mapenzi ya bustanini yamekimbizwa, na Amina, anayependwa na Yusuf, anapewa maneno machache mno kwa mtu aliyebeba mzigo mzito kuliko wote mle nyumbani.

Kama mtapenda kuendelea, *Afterlives* ya Gurnah huyohuyo, ya 2020, inawafuata askari wa Mjerumani mpaka vitani na baada ya vita. Ni laini zaidi, na mapenzi yake yanaaminika. Lakini isitangulie.

Salme nampa aya moja. Binti wa Seyyid Said, alitoroka Unguja 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akawa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikatoka kwa Kijerumani 1886. Sura za utotoni katika jumba la Mtoni ni dhahabu. Anaeleza chuo ambako watoto waliandika juu ya mfupa wa bega la ngamia, na namna alivyojifunza kuandika kwa siri, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Ujuzi huo ndio uliomfanya mwandishi wa barua za kaka yake Barghash katika uasi wa 1859, akajuta baadaye. Sura ya utumwa ndiyo itakayowagombanisha, kwani anautetea, na haoni haya. Msiiruke. Mtu aliyenyimwa kalamu kwa kuwa mwanamke, akaiiba, halafu akaitumia kuwatetea wenye watumwa: hapo pana kikao kizima.

Jozi ya pili ni ya raha. *Wasifu wa Siti binti Saad*, yule mwimbaji wa taarabu, wa Shaaban Robert, na *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Wasifu ni mfupi, unamalizika siku mbili. Shaaban Robert alimhoji Siti mwenyewe karibu na kifo chake cha 1950, na ungetegemea sauti ya Siti ijae kitabuni. Haijai. Kila Siti anapoanza kuonekana, Shaaban anaingia na nasaha zake. Nampenda Shaaban, lakini hapa anamfunika mgeni wake. Tarehe ni chache, na mambo ya mapenzi na ugomvi wa mjini yamepigwa pasi. Palipo pazuri ni mwanzoni, kijijini Fumba, binti anapouza vyungu akivinadi mjini na sauti yake kujulikana kabla ya sura yake. Na pale mahasidi wanapomtungia wimbo wa kumkebehi kwa kutokea shamba na kaniki yake, naye anajibu kwa wimbo. Haondoki jukwaani, hatafuti mtu wa kumsemea.

Kasoro hiyo ya kitabu ina dawa: sikilizeni rekodi. Yeye na wenzake, akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Effandi na Maalim Shaaban, walianza kurekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya HMV, kampuni ya sahani za muziki, na baadhi ya nyimbo bado zinapatikana. Tafuteni “Kijiti”, wimbo wa mwanamke aliyeuawa, muuaji akakimbilia bara, na waliokwenda kutoa ushahidi wakaishia kutiwa hatiani wao. Dakika chache za wimbo zinawaambia juu ya mahakama ya mkoloni jambo ambalo hamtalipata kwenye kurasa nyingi za sifa. Msikilize mara mbili, ya pili mkiwa na maneno yameandikwa, kwa sababu zile sahani zinakwaruza na silabi nyingi zinapotea.

*Vuta N'kuvute* inachukua Ng'ambo, mitaa ya mji uleule wa Unguja, miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mzee mwenye duka. Anamkimbia, nyumbani kwao wanamfungia mlango, anapokewa na Mwajuma. Huyo Mwajuma ndiye ninayemsomea kitabu. Chumba chake, kauli zake, taarabu zake, ukarimu wake usio na hesabu: Adam Shafi anaijua Ng'ambo mpaka harufu ya uchochoro. Denge mwanasiasa, aliyesomea Urusi, ni mzuri akiwa na watu na mzito akihutubia. Mbio za Inspekta Wright na Koplo Matata zinachekesha mwanzoni, kisha zinajirudia. Kuna mahali riwaya inalegea. Msomaji aliyechoka ataachia hapo. Mwambieni ashikilie. Filamu yake, ya Amil Shivji ya 2021, muitazame baada ya kitabu. Ni nzuri kwa macho, lakini imemkata Yasmin safari ndefu, na atakayeanza nayo atasoma riwaya akingoja mambo ambayo hayamo.

Jozi ya mwisho ni ya mtu mmoja, huyohuyo Adam Shafi: *Haini* ya 2003 na *Mbali na Nyumbani* ya 2013. Hapa ndipo pana fumbo. Karume aliuawa 7 Aprili 1972, watu wengi wakakamatwa, na Adam Shafi alikuwa miongoni mwao. Jela ile hakuiandika kama maisha yake. Aliiandika kama riwaya, akampa Hamza mateso, akamwita mtawala Kigogo. Safari zake za ujana, kutoka Unguja kupitia bara hadi Sudan na Misri, hizo ndizo alizosimulia kwa jina lake mwenyewe, tena kwa mzaha mwingi, njaa na uongo wa mipakani vyote vikichekesha.

Wengine watasema alificha. Mimi naona *Haini* isingewezekana kama wasifu. Wasifu unamfunga mwandishi kwenye chumba alichofungwa yeye. Riwaya inamruhusu kutoka, akaingia kwa Khadija, mke anayezunguka na chakula asijue mumewe yu hai au la, akaingia hata kwa wale watesaji, wanaopiga mchana na kurudi kwa watoto wao jioni. Kurasa za kwa Bamkwe, yaani za kule jela, ni ngumu. Zisisomwe kwa sauti kikundini bila kuulizana kwanza, maana Unguja hujui nani baba yake au babu yake alipita mle, upande wa ndani ya seli au wa nje. Anayetaka kuziruka aziruke, asiulizwe sababu. Kwa hiyo nisingeiweka mwanzo hata kidogo. Ningeanza na Siti na Mwajuma mpaka mzoeane, nikafuata na Tippu Tip na *Peponi*, Salme katikati kama kuna wiki ya bure, na *Haini* mwisho kabisa, vikao vitatu vifupi, *Mbali na Nyumbani* ikija nyuma yake ili watu wapumue.

Nakala yangu ya *Peponi* nakuletea, lakini usimwazime mtu asiyekuwa wa kikundi. Tippu Tip chapa ya Whiteley ulizia maktaba kwanza, dukani si rahisi kuipata.

Nisalimie wote, na mwambie Bi Mkubwa dawa yake ya kifua nimeipata.

Wako,
Zuhura