Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Pangani: Maziwe imeshazama, ufukwe wa Ushongo usiifuate

Shikamoo Mheshimiwa DC. Mimi mzaliwa wa Ushongo, baba mvuvi na babu mvuvi, naomba nikueleze kuhusu kisiwa cha Maziwe kabla mvua hazijaanza.

Leo ukienda Maziwe maji yakipwa unakuta fungu la mchanga mweupe tupu, buabua wamejipanga pembeni na matumbawe chini, bamvua likija, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hakuna kitu, ni bahari tu. Lakini babu alikuwa anapumzika pale chini ya mivinje akisubiri upepo, kilikuwa kisiwa chenye msitu kabisa, na moja ya mazalia makubwa ya kasa Tanzania, walikuwa wanataga aina tatu, kasa wa kawaida, ng'amba na kigome. Mwaka 1975 kikatangazwa eneo tengefu lakini miti ilikuwa inakatwa tu, na ilipoisha mchanga ukakosa wa kuushika, mkondo ukaubeba, kufika mwisho wa miaka ya 70 kisiwa kikawa hakipo tena.

Ila kasa hawajaacha kuja mheshimiwa!! Kasa hurudi kutaga pale alipozaliwa, na anachukua zaidi ya miaka 20 kukomaa, huenda wengine walianguliwa wakati mivinje bado ipo. Anapanda usiku, anachimba, anafukia mayai mia na kitu, alafu bamvua likija yote yanazama. Ndo maana vijana wanayahamisha mapema, kwa uangalifu yasigeuke, wanakuja kuyafukia huku kwetu Ushongo. Yaani ufukwe wetu ndo Maziwe iliyobaki.

Sasa kinachoniuma, huku nako tunaanza yale yale. Mivinje ya ufukweni inakatwa ili watu waone bahari vizuri, na taa zinaongezeka. Kitoto cha kasa kikitoka usiku kinafuata mwanga kikidhani ndo bahari. Mwaka jana asubuhi nilifuata vile vijialama vyao mchangani, vilikuwa vinaelekea bara, nikawakuta 11 wamekauka chini ya taa ya geti moja, sijasahau mpaka leo.

Naomba mambo mawili tu. Mivinje ya ufukweni isikatwe bila kibali chako, na taa zote zinazoangalia bahari zizimwe au zifunikwe miezi ya kuanguliwa, kila mwenye jengo aambiwe kwa barua maana kwa mdomo tumeshasema sana.

Na kiota kikiwa tayari karibu sana uje na wewe. Ni jioni jua likishuka, mchanga unaanza kubonyea katikati kama kisahani, kinatoka kichwa kimoja cheusi kidogo kama kokwa ya tende, kinatulia, alafu ghafla wote wanachemka kutoka na kukimbilia maji. Nitakuwa pale.

Mwananchi wako, Ushongo